Kopo la Udongo wa Njano

Mdogo wangu Afua alikuja juzi kunitembelea, akavua viatu mlangoni, akaweka mfuko juu ya meza yangu ya cherehani. Nilidhani kaniletea mihogo. Nikaufungua, na harufu ikanipanda puani kabla macho hayajaona kilichomo. Udongo mweupe, mbichi bado, umefungiwa mpaka umetoa jasho. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba zenye uani, mnaoijua harufu ya udongo uliolowa, hamtanicheka nikisema kwamba nilirudi nyuma na kiti changu. Mie mwanamke mzima, nina watoto, nina wateja wanaoniogopa nikishika mkasi, nikarudishwa nyuma na bonge la udongo!

"Dada," akasema Afua, "nitengenezee chungu. Kama kile cha Bibi."

Ana mimba ya miezi saba. Ya kwanza haikufika. Nikainuka kumchemshia chai, tukazungumza habari za bei ya vitunguu na mengineyo yasiyo na maana. Alipoondoka nilibaki nautazama ule mfuko, mikono imelala mapajani. Nauogopa udongo mweupe. Nimeuogopa tangu nikiwa na miaka minane, na mpaka siku hiyo, ukimwacha Bibi, sikuwa nimemwambia mtu kwa nini.

Tulikaa Mtoni, kwenye nyumba ya Bibi mzaa mama. Vyumba vya mbele walipanga watu, sie tulikaa vya nyuma, na uani ndiko Bibi alikofinyangia. Alitoka Kisarawe kuja mjini na kazi hiyo mikononi, hakuiacha mpaka vidole vilipokataa kukunjuka. Alifinyanga mitungi ya maji kidogo, lakini riziki yetu hasa ilikuwa vyetezo, vile vya kufukizia udi na ubani. Wachuuzi walikuja kuvichukua kwa matenga kuvipeleka Temeke sokoni, na vingine, tuliambiwa, vilifika mpaka mahoteli ya Kunduchi, huko wageni wanavitia mishumaa. Bibi aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu. "Chetezo mshumaa! Basi kesho watapikia kwenye ndoo ya choo."

Kazi yangu mie ilikuwa rangi. Msidhani rangi ya duka. Rangi zetu zilikuwa udongo mtupu. Mweupe uliletwa na mzee mmoja wa baiskeli kutoka njia ya Pugu. Mwekundu tuliuchota kwenye kichuguu nyuma ya msikiti. Wa njano tuliupata kwa jirani yetu Mama Neema, walipochimba shimo jipya la choo wakaukuta chini huko, Bibi akawasihi wasiumwage. Tuliuanika kwenye gunia, tukautwanga kwenye kinu kibovu, tukauloweka kwenye ndoo, kisha tukauchuja kwa kipande cha chandarua. Ukishatulia, unamwaga maji ya juu polepole kabisa, na kile kinachobaki chini, laini, kizito, ndicho Bibi alichokiita uji. Kuupima ni kwa kidole. Chovya, toa, tazama kucha. Ukiiona kucha, uji mwepesi, utachuruzika. Usipoiona, tosha. Na chungu chenyewe alikipima kwa shavu. Alikikumbatia akakiegemeza shavuni, na kikiwa na ubaridi bado alisema "hajawa tayari huyu," kama vile anazungumzia mtu.

Udongo wa njano ulikuwa na maajabu yake. Unaupaka njano, moto unaugeuza mwekundu. Tena ukiuchanganya na mweupe ukiwa mbichi, unakaa rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai, asiye makini hatambui kitu. Bibi alinionyesha kwa kuchoma kigae kidogo. Kilivyotoka moshini chekundu nilipiga kelele. "Mnafiki huyu," akasema Bibi, "uso wa uani mwingine, uso wa motoni mwingine. Usimweke bila kujua unamweka wapi."

Sasa, vyetezo vyote vilikuwa na rangi mbili au tatu. Mistari myeupe juu ya mwekundu, madoa, vijimeno vya msumeno, nikivichora kwa unyoya wa kuku. Lakini mara moja moja, baada ya muda mrefu, Bibi alifinyanga chungu kimoja kikubwa kuliko vyetezo, cha mdomo mpana, akakipaka cheupe kitupu ndani na nje. Hakikuchorwa mstari hata mmoja. Mchuuzi hakupewa. Hakikuwekwa jikoni wala hakikutiwa maji, kilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake kimefunikwa kanga, na ole wake atakayekigusa.

Na kila kilipokaa pale, kilitokea kitu.

Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, labda miaka mitano. Mama alikuwa akiumwa tumbo. Ndivyo nilivyoambiwa, "mama yako tumbo linamsumbua," na mie nililiona lenyewe limevimba chini ya kanga, nikaamini. Siku moja nikapelekwa kwa Mama Neema kucheza, tena nikaambiwa nisirudi mpaka niitwe. Nikachungulia kwenye tundu la ua wa mabati. Wanaume wanne walitoka kwetu, na Baba mbele yao amebeba kitu kidogo mikononi kimefungwa kitambaa cheupe, anatembea kwa uangalifu kama mtu anayebeba bakuli la mchuzi. Jioni nilipoitwa nikamkuta Mama kalala kauelekea ukuta. Tumbo limekwisha. Kanga yake imelowa kifuani chapa chapa, nikajua kwamba amelia mpaka machozi yamefika kifuani. Na nyuma ya choo nikamwona Bibi kashika mchi wa kinu, anakivunja kile chungu cheupe. Alikipiga kipande kwa kipande, hata vigae vikawa kama kokoto.

Mara ya pili ilikuwa vile vile. Chungu nyuma ya mlango, tumbo, Mama Neema, kitambaa, mchi.

Niliuliza. Msije mkasema sikuuliza. "Bibi, Mama ana nini?" Bibi akaniambia mtoto haulizi mambo ya wakubwa. Nikamuuliza Baba, akaniambia nimuulize Bibi. Na Bibi msemo wake mkuu ulikuwa huu: mwenye macho haambiwi tazama. Haya. Nilikuwa na macho, nikatazama, nikaona kwamba chungu kinapakwa cheupe kwanza, ndipo Mama anaumwa, ndipo kitambaa cheupe kinatoka mlangoni. Sanda niliijua, nyeupe. Nikaweka pamoja yote hayo kichwani, peke yangu, nikiwa usingizini na nikiwa macho, na jibu likaja moja tu. Kile chungu kilikuwa kinamuua Mama kidogo kidogo, na Bibi ndiye anayekitengeneza.

Mtanielewa basi nilivyokuwa siku niliyomwona Bibi anafinyanga chungu cha mdomo mpana kwa mara ya tatu. Nilikuwa na miaka minane. Tumbo la Mama lilikuwa limevimba kuliko mara zote, miguu pia imevimba, anashika kiuno akisimama. Bibi akanituma nikalete ule mfuko wa rambo wenye udongo mweupe. Nikauleta. Nikautwanga, maana niliambiwa nitwange. Nikauchuja, maana niliambiwa nichuje. Nilikuwa namtengenezea mama yangu kifo kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa naitikia "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi." Yarabi, hofu ile! Chakula kilinishinda. Nilikuwa nikimeza tonge linapanda juu. Bibi akasema nina minyoo, akaninywesha dawa chungu.

Kukimbia na kile chungu nilifikiria. Kukivunja nilifikiria. Lakini Bibi angefinyanga kingine. Ndipo nikawaza juu ya vyetezo. Vyetezo vina rangi nyekundu, vinakwenda Temeke, vinakwenda Kunduchi, na sijasikia mtu kafa. Basi ubaya uko kwenye weupe. Chungu kisipokuwa cheupe, Mama hafi. Na kopo la udongo wa njano lilikuwa pale pale kwenye kibaraza, limefunikwa sahani ya bati.

Bibi alipoingia ndani kuswali adhuhuri, nikalichukua. Ndoo ya uji mweupe ilikuwa mbele yangu, imetulia, laini, inang'aa kama maziwa. Nikatia konzi moja. Nikasikiliza. Nikatia ya pili. Mkono mzima niliuingiza mpaka kwenye kiwiko nikakoroga, na ubaridi wa ule udongo ukanipanda mpaka kwapani. Nilikuwa natia konzi ya tatu niliposikia kandambili za Bibi. Nikafunika kopo, nikafuta mkono kwenye gauni, nikaketi. Sikukoroga vizuri, nilijua sikukoroga vizuri, ila hapakuwa na muda.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho tayari, anaona kama kwenye ukungu. Akachovya kidole, akakisogeza karibu na pua, akatazama kucha.

"Haionekani. Umekoroga wewe, mjukuu wangu?"

"Ndiyo Bibi."

"Ahsante mama. Mungu akupe mikono ya baraka."

Ile ahsante ilinichoma kuliko kofi. Akasema bismillahi, akachukua kitambaa, akaanza kupaka. Alipaka mara tatu, kila tabaka likikauka anaongeza jingine, na nilimwona mkono wake unatikisika. Nikadhani ni uzee.

Moto ulikuwa siku ya pili yake asubuhi. Hapa lazima niwaambie jambo moja la kwetu. Moto wa vyungu ukiwaka, mtu haitwi. Jina lolote, hata Mama, hata Bibi, halitajwi hapo uani. Ukimwita mtu, wanasema, chungu ndicho kinachoitika, na chungu kinaitika kwa kupasuka. Kwa hiyo tulikuwa tukipigiana makofi kama mtu anamtaka mwenzake, au tunafuatana mpaka tugusane bega.

Bibi alikuwa ameshapanga makumbi na makuti na vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala, vyetezo pembeni, kile chungu katikati. Moto ulikuwa umeshika, moshi mzito unaelekea kwa Mama Neema. Ndipo mlango wa chumba chetu ukafunguliwa na Mama akatoka ameshika fremu kwa mikono miwili. Jasho linamtiririka. Baba akatoka nyuma yake na mfuko wa nguo, akaenda mbio barabarani kutafuta teksi.

Bibi hakusema jina la mtu. Akamfuata Mama, akamshika mgongo, akamnong'oneza kitu sikioni, kisha akarudi kwenye moto. "Tangulieni," akamwambia Baba aliporudi. "Huu moto nikiuacha sasa, kila kitu kinaharibika. Ukiisha nakuja."

Mama akapita hatua tatu kutoka niliposimama. Akanitazama. Akafungua mdomo, akautazama moto, akaufumba. Na mie neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mama! Nilitaka kumwita kwa sauti ya kuvunja vyungu vyote vya dunia, arudi, anione, asiende. Nikauma ukosi wa gauni nikaubana kwa meno. Nikaona kisigino chake kilichopasuka kikivuka kizingiti cha mlango wa uani. Nikasikia mlango wa gari unafungwa. Sikumwita. Nilifikiri kwamba kama hatarudi, neno langu la mwisho kwake litakuwa kimya.

Moto uliwaka mpaka karibu na adhuhuri. Bibi alikwenda huku na huku na mti wake wa kuchochea, midomo inacheza dua. Mie nilijibanza kwenye pipa la maji. Bado nilikuwa na tumaini langu, msisahau. Nilingoja chungu kitoke chekundu, kizuri, kama chetezo, na Mama apone.

Bibi akakitoa kwa mti, akakiviringisha kwenye mchanga, akakipangusa majivu kwa kitambaa kilicholowa. Kikalia tsss. Akakigeuza kwenye mwanga.

Hakikuwa chekundu. Kilikuwa cheupe, na juu ya ule weupe michirizi myekundu ilishuka kutoka mdomoni mpaka chini, mingine minene, mingine myembamba, pale ambapo sikukoroga vizuri. Hata kwa macho yake yale Bibi aliiona.

"Lahaula," akasema. Akaketi chini kwenye majivu, miguu kainyoosha mbele, vile wanavyoketi wanawake kwenye msiba. "Damu. Kimetoa damu. Mwanangu mie. Inna lillahi."

Maneno yale ya mwisho niliyajua yanasemwa lini. Nikaona dunia inageuka. Kumbe mie ndiye! Nilitaka kumwokoa, kumbe nimemmaliza, na habari imepita kwenye chungu kabla haijapita kwa mtu. Bibi akainuka kwa kushika magoti, akaingia ndani. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi. Alitoa mkeka mkubwa, ule wa wageni wengi, akautegemeza ukutani. Kisha akaenda kwenye kinu akachukua mchi.

Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilikirukia kile chungu, kingali moto, nikakikumbatia miguuni, nikachota mchanga na kipande cha gunia nikaanza kuisugua ile michirizi. Nilisugua na kulia. Udongo ukishaiva hausuguliki, hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko watoto wote wa Mtoni, na bado nilisugua. Vidole vikaungua, sikuviacha. Mpaka leo ncha za vidole hivi viwili hazina hisia, sindano ikinichoma sijui mpaka nione damu kwenye kitambaa cha mteja.

"We Mwajabu! Kiache!"

Bibi alikuwa kasimama juu yangu na mchi.

"Hautoki, Bibi! Hautoki!"

"Nini hakitoki?"

"Wekundu! Ni mie. Nilitia udongo wa njano kwenye ndoo, Bibi, ulipokwenda kuswali. Sio damu. Ni mie."

Moto uliokuwa ukifa ulipasua kumbi moja, sote tukashtuka.

"Ulitia kwa nini?"

"Ili Mama asife."

"Nani kakwambia mama yako anakufa?"

"Chungu cheupe. Kila ukikipaka cheupe, Mama anaumwa, halafu Baba anabeba kitambaa. Mara mbili nimeona. Mwenye macho haambiwi tazama, Bibi, mie nimetazama."

Mchi ukamtoka mkononi ukaangukia mchangani. Nilijikunyata nikingoja kipigo. Badala yake Bibi alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko au kilio, akaninyanyua kwa kwapa, akaniburuta mpaka kwenye mtungi, akauzamisha mkono wangu wote kwenye maji ya kunywa. Maji ya kunywa! Siku nyingine angenichapa kwa kuyachafua.

"Nisikilize," akasema, mdomo wake karibu na sikio langu. "Mama yako hana ugonjwa. Ana mtoto. Na wale wawili walikuwa watoto, wadogo zako, walizaliwa hawana pumzi. Hiki chungu ni cha kumwogeshea mtoto. Kwetu mtoto haogi kwenye chombo cha mtu mwingine mpaka atimize siku arobaini. Ndiyo maana nakifinyanga mapema. Nangoja mtu."

"Mbona unakivunja?"

"Kwa sababu hakuja mtu."

Mkono ulikuwa unauma, maji yanageuka mekundu ya tope.

"Hata mie nakiogopa," Bibi akasema taratibu. "Hiki cha tatu nimekipaka mkono unanitetemeka. Nilijisemea, Mwenyezi Mungu, kama unataka kunitesa nitese, lakini mtoto akija asikose chombo chake."

"Na ule wekundu, Bibi? Nimemuua?"

"Udongo hauui mtu." Lakini alisema hivyo bila kukitazama chungu, na mie nikaona hakitazami.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya kuambiwa ukweli hofu ilipungua. Haikupungua hata kidogo. Mwanzo niliogopa kitu kisicho na sura, sasa kilikuwa na sura, kina mikono na miguu, ni ndugu yangu, yuko hospitali anatafuta pumzi. Bibi akavaa baibui aende. Akalivaa kinyume, akalivua, akalivaa tena. Mkeka bado ulikuwa umeegemea ukutani na hakuna aliyeurudisha ndani.

Ndipo tukamsikia Mama Neema. Alikuwa mtu wa Singida, karani wa ofisi, mwanamke wa hatua ndogo ndogo na nguo zilizopigwa pasi, na kwao ndiko kulikokuwa na simu. Siku hiyo aliingia uani anakimbia, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki njiani. Nikamtazama mguu wake mtupu nikasema basi. Watu hawakimbii na habari njema.

"Shikamoo mama," akamwambia Bibi, anahema.

"Marahaba."

"Habari za mchana?"

Wallahi, alisalimia! Malezi mema yana wakati wake, lakini Mama Neema hakuujua wakati huo. Bibi akamshika mikono yote miwili.

"Mama Neema. Sema."

"Baba Mwajabu kapiga simu. Wa kike. Mama yake anaomba uji wa pilipili manga, anasema ana njaa."

Nilimngoja Bibi apige kigelegele. Hakupiga.

"Analia?" akauliza.

"Nani, mama? Hapana, anacheka."

"Mtoto. Mtoto analia?"

"Aah! Analia huyo mpaka nimemsikia kwenye simu, sikio linaniuma!"

Hapo Bibi akapiga. Kilianza vizuri, kikakatika katikati, akamalizia na kanga mdomoni. Kisha akaurudisha mkeka ndani, yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Huyo mtoto ndiye Afua. Alioga kwenye chungu chenye michirizi siku zote arobaini, na Bibi ndiye aliyemwosha. Wanawake wa mtaani walipokuja kumtazama mtoto walikiona, wakauliza. Bibi hakusema ni kosa la mjukuu. Alisema, "Hicho ndicho kilichokubali." Tangu hapo wanawake wakaanza kuja kwetu kuomba vyungu vya watoto wao, na hakuna aliyetaka cheupe kitupu. Walitaka chenye michirizi, na Bibi alikuwa ananipa mie nitie ule wa njano, konzi mbili na nusu, tena akinionya nisikoroge sana. Mpaka leo ziko nyumba huko Mtoni wanaamini ni mila ya zamani ya Kisarawe.

Bibi sasa hayupo. Nami niliacha ufinyanzi kwa sababu ile hofu haikunitoka. Cherehani haimwogeshi mtu.

Lakini Afua kaniomba. Basi leo asubuhi nimekaa uani, nimefunga kanga kiunoni, chungu nimeshakifinyanga kibaya kibaya, kimekauka nusu, nimekipima kwa shavu. Nikaumimina udongo mweupe kwenye ndoo nikaanza kukoroga. Nikahisi natazamwa. Nikainua macho. Binti yangu Nuru, ana miaka tisa, alikuwa kashika fremu ya mlango, na hakuwa akinitazama mie. Alikuwa akiitazama ndoo, na uso aliokuwa nao ule niliujua.

"Mama," akasema, "hicho chungu cha nani?"

"Mtoto ha..."

Nikaacha kukoroga. Nikakumbuka ile mimba ya kwanza ya Afua, Nuru aliponiuliza mbona mama mdogo analia. Nilimjibu nini? Nilimjibu mama mdogo anaumwa tumbo. Mie! Mie niliyeunguza vidole kwa neno hilo hilo, nikalitoa mdomoni jepesi kabisa na kuendelea kushona.

"Njoo ukae," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Kuhusu mtoto wa mama yake mdogo aliyezikwa, na kuhusu huyu anayengojwa. Wadogo zangu wawili. Mchi, na moto uliomnyamazisha Mama, na kopo. Alisikiliza, anachezea ncha za vidole vyangu vilivyoungua. Kisha akaondoka mbio. Kwa jirani wanachimba msingi, na huko chini wameukuta udongo wa njano, nilikuwa nimeuona tangu juzi nikajifanya sijauona. Akarudi na kopo la maziwa limejaa mpaka juu.

"Mama, na huyu naye akifa?"

Nilitaka kusema Mungu hapendi, nilitaka kusema usiseme hivyo. Nikasema, "Sijui, mwanangu. Na mie naogopa."

Akafikiri kidogo. Akaliinamisha kopo juu ya ndoo.

"Basi tutie mwingi," akasema.